Zaire ilikatika nusu mara ngapi? Hesabu ndogo ya kusoma historia ya pesa yetu



Katika nyumba mingi za kwetu kuko noti moja ya zamani inayolala ndani ya Biblia ao chini ya sanduku la mama. Ni noti ya zaire 5,000,000, yenye tarehe ya Oktoba 1992 na sura ya Mobutu. Watoto wakiiona wanacheka: «Kumbe tulikuwaka mamilionea!» Wazazi hawacheki sana. Wao wanakumbuka ile noti ilinunua nini juma la kwanza, na ilinunua nini miezi sita kisha.

Kila mara tunapoongea historia ya ile wakati, tunasema tu «pesa ilianguka», «bei ilipanda vibaya». Sawa. Lakini ilianguka kwa mwendo gani? Na ule mwendo ulikuwa sawa tangu mwanzo, ao kuko siku ulibadilika? Tuko wasomi, tusiishie kwa kusema «vibaya». Leo nataka tupime. Hatuna haja ya logariti wala programu ya kompyuta. Tutatumia swali moja tu: bei ilichukua muda gani ili ifike mara mbili?

Huo muda tuuite muda wa maradufu. Kila mara kitu kinapofika mara mbili ya vile kilikuwa, tunahesabu maradufu moja. Na bei ikifika maradufu, pesa iliyo mfukoni imekatika nusu. Ni hesabu moja yenye sura mbili.

Swali la zamani sana

Hili swali halikuanza kwetu. Katika makumbusho ya Louvre, kule Paris, kuko kibao cha udongo cha Wababeli chenye umri wa miaka karibu 4,000. Mwandishi wake anauliza: mali iliyokopeshwa kwa faida ya asilimia 20 kwa mwaka, itafika mara mbili kisha muda gani? Anaona kwamba kisha miaka 3 haijafika, na kisha miaka 4 imepita, basi anakadiria katikati: miaka 3 na miezi karibu 9 na nusu. Leo simu yako itakupa miaka 3.8. Alikosea kwa siku chache tu, na alikuwa na udongo na kijiti.

Kisha, mu 1494, Luca Pacioli alichapisha kule Venezia kitabu kikubwa cha hesabu. Ndani yake kuko kanuni moja fupi: chukua 72, gawanya na asilimia ya faida, utapata miaka ya kufika mara mbili. Hakueleza inatoka wapi. Logariti zenyewe John Napier alizitoa mu 1614, miaka 120 kisha. Wafanya biashara walikuwa wanaitumia kanuni mbele wanahesabu wapate sababu yake.

Siku hizi wengine wanatumia 70 mahali pa 72. Zote mbili ni makadirio. Tujaribu na asilimia 10. Ukianza na 100, mwaka wa kwanza inakuwa 110, kisha 121, 133, 146, 161, 177, na mwaka wa saba karibu 195. Ni kama 200. Na 70 ukiigawanya na 10, unapata 7. Ona vizuri kwamba si miaka 10. Wengi wanadhani asilimia 10 inaomba miaka 10 ili kufika mara mbili, kwa sababu 10 mara 10 ni 100. Wanasahau kwamba nyongeza nayo inazaa nyongeza.

Kanuni inageuzwa pia, na hapa njo inakuwa chombo cha mwanahistoria. Kama unajua muda wa maradufu, gawanya 70 na huo muda, unapata asilimia. Kitu kilichofika mara mbili kwa miaka 35 kilikua kwa asilimia 2 kwa mwaka. Kwa miaka 14, asilimia 5.

Namna ya kuhesabu maradufu kwa kichwa

Shida ni hii: historia mara nyingi haikupi muda wa maradufu. Inakupa bei mbili za tarehe mbili, moja ndogo sana na moja ya kutisha. Utajuaje kati yao kuko maradufu ngapi?

Fata hii njia. Andika 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1,024. Hesabu: ni maradufu 10, na tumefika 1,024, yaani karibu 1,000. Ushike hilo moja tu: mara 1,000 ni maradufu 10. Basi mara milioni ni maradufu 20. Na kwa kuwa 1,000 iko na sifuri tatu, kila sifuri moja ina thamani ya maradufu 3 na sehemu ya tatu hivi, yaani 3.3.

Kwa hiyo, ukisikia kitu kiliongezeka mara 18,000,000, usiogope. Toa milioni: hizo ni maradufu 20. Inabaki 18, ambayo ni 16 na kidogo: maradufu 4 na kidogo. Jumla ni karibu 24. Basi. Kisha unagawanya muda wote na 24.

Ile 18,000,000 sikuitoa hewani. Njo hesabu ya zaire.

Kutoka 1967 hadi 1983: mwendo wa pole na deni lililofichwa

Zaire kama pesa ilizaliwa tarehe 24 Juni 1967. Zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000 za zamani, iligawanywa katika makuta 100, na bei yake ya serikali ilikuwa dola 2. Yaani dola moja ilikuwa zaire nusu, makuta 50. Wazee wakisema «zaire ilipita dola», hawadanganye.

Kisha mambo yakaanza kulegea. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutaifisha biashara za wageni, na mingi ilifia mikononi mwa waliopewa. Mwaka uliofuata bei ya shaba duniani ikaanza kushuka, na shaba ilikuwa ndiyo tumbo la serikali. Madeni yakapanda. Lakini bei ya dola kwa karatasi za serikali haikuonyesha maumivu yote, kwa sababu iliamuliwa ofisini. Barabarani dola ilikuwa ghali zaidi. Mu Septemba 1983, ukweli ukatoka: zaire ilishushwa kwa asilimia 77.5 kwa mara moja, na dola ikatoka karibu zaire 6 ikafika karibu 30.

Tuhesabu. Kutoka 0.5 hadi 30 ni mara 60. Hiyo ni karibu 64, yaani maradufu 6. Miaka 16 ukigawanya na 6, ni miaka 2 na miezi 8 kwa kila maradufu. Gawanya 70 na 2.7: unapata asilimia 26 kwa mwaka. (Hesabu kamili inatoa karibu 29. Tutaona juu ya nini kanuni inaanza kupungukiwa.)

Lakini tuangalie vizuri. Zaidi ya maradufu 2 kati ya hizo 6 zilionekana siku moja, ile ya Septemba 1983. Mtu aliyesoma bei ya serikali mwaka 1982 alidhani zaire inashuka pole. Ukweli ulikuwa barabarani. Njo somo la kwanza: muda wa maradufu unategemea bei unayoiamini. Ukipima na bei iliyofungwa kwa amri, unapima amri, haupime pesa.

Kutoka 1983 hadi 1989: mwendo unaongezeka

Wastani wa mwaka 1989, dola moja ilikuwa karibu zaire 380. Kutoka 30 hadi 380 ni karibu mara 13. Hiyo iko kati ya 8 (maradufu 3) na 16 (maradufu 4), tuseme 3.7. Tangu Septemba 1983 hadi katikati ya 1989 ni miezi 70. Ukigawanya, ni miezi 19 kwa kila maradufu.

Mbele ilikuwa miezi 32, sasa ni 19. Mwendo umeongezeka, lakini bado mtu anaweza kuishi ndani yake. Mwalimu anaweza kungoja mwaka, apate nyongeza, akamate bei kidogo.

Kutoka 1989 hadi 1993: mlango unavunjika

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mu Septemba mwaka ule, mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi chini ya tani 50,000 mu 1993. Mu Septemba 1991, askari waliokosa mshahara wa maana waliingia barabarani na raia wakafuata: ile «pillage» ya kwanza. Viwanda vikafungwa, wageni wakaenda. Serikali haikukuwa tena na shaba ya kuuza, wala mkopo, wala kodi. Ilibaki na kitu kimoja: mashine ya kuchapa noti.

Oktoba 1993 dola moja ilikuwa zaire 9,000,000.

Kutoka 380 hadi 9,000,000 ni karibu mara 24,000. Toa 1,000: maradufu 10. Inabaki 24, kati ya 16 na 32: maradufu 4 na nusu hivi. Jumla ni 14.5. Tangu katikati ya 1989 ni miezi 51. Gawanya: miezi 3 na nusu.

Wandugu, tuisome tena ile safu. Miezi 32. Miezi 19. Miezi 3 na nusu. Ukiweka bei zenyewe kwa grafiki, utaona mstari unaolala chini miaka mingi kisha unasimama kama ukuta, na utadhani kila kitu kilianza 1990. Muda wa maradufu unaonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa unazidi tangu mbele, na kwamba kisha 1989 ulibadilika kabisa.

Na jumla? Kutoka 0.5 hadi 9,000,000 ni mara 18,000,000, maradufu 24 kwa miaka 26. Mtu aliyeweka zaire 100 ndani ya bahasha mu Juni 1967 aliweka dola 200. Mu Oktoba 1993, alihitaji bahasha 90,000 za namna ile ili apate dola moja.

Ni katika ile wakati noti yetu ya milioni tano ilitoka. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema haina thamani, wafanya biashara wasiipokee. Serikali ikalipa askari na hizo noti. Askari walienda sokoni mwisho wa Januari 1993, wauzaji wakakataa, na Kinshasa ikawaka tena. Katika zile siku balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi. Watu wengi walikufa kwa sababu ya swali la hesabu: hii karatasi ni ngapi?

Bindo: maradufu ya udanganyifu

Hapa katikati niseme neno juu ya Bindo Promotion, maana inaeleweka vizuri ukijua maradufu. Mu 1990 na 1991, watu wa Kinshasa waliona bei zinaruka na akiba zao zinayeyuka. Akatokea mtu anayepokea pesa na kuahidi kuirudisha mara nyingi kwa muda mfupi. Watu walipeleka mishahara, wengine waliuza vitu vya nyumba. Mu 1991 ilifunga, na pesa zikapotea.

Tusiwacheke. Kama bei zinafika maradufu kila miezi michache, kutafuta kitu kinachokua maradufu si ujinga, ni kujitetea. Kosa lilikuwa mahali pengine. Mfumo kama ule haulimi wala hauchimbe: unalipa wa kwanza na pesa ya wanaofuata. Tuseme kila mtu anaomba watu 2 wapya nyuma yake. Ngazi ya 10 inaomba watu 1,024. Ngazi ya 20, zaidi ya milioni moja. Ngazi ya 26 inaomba watu milioni 67, kupita wakaaji wote wa Zaire ya wakati ule. Maradufu ya bei inaweza kuendelea kwa sababu sifuri hazina mwisho, mashine inachapa tu. Maradufu ya watu ina mwisho. Leo ujumbe wa namna ileile unafika kwa simu zetu, «weka dola 50 upate 100 juma lijalo». Hesabu ngazi kwanza.

1993 hadi 1998: kila mwaka sifuri moja

Oktoba 1993 serikali ilitoa pesa mpya, nouveau zaïre. Moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na dola moja ikawa 3. Sifuri zilifutwa. Mashine haikuzimwa.

Tarehe 30 Juni 1998, serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliporudisha franka, franka moja ilichukua nafasi ya nouveau zaïre 100,000, na dola ilikuwa karibu franka 1.4. Yaani nouveau zaïre 140,000. Kutoka 3 hadi 140,000 ni karibu mara 46,000. Elfu moja ni maradufu 10, na 46 iko kati ya 32 na 64, tuseme 5 na nusu. Jumla 15.5. Miezi ni 56. Kila maradufu ilichukua miezi 3.6.

Sasa tutumie kanuni ya 70, tuone inavyovunjika. Miezi 3.6 ni 0.3 ya mwaka. Gawanya 70 na 0.3: asilimia 233 kwa mwaka. Ni kweli? Tuhakikishe. Ndani ya miezi 12 kuko 3.6 mara 3 na sehemu ya tatu, yaani maradufu 3.3. Na tulisema maradufu 3.3 ni sifuri moja, yaani mara 10. Kitu cha 100 kinakuwa 1,000 mwisho wa mwaka. Ongezeko ni 900 juu ya 100: asilimia 900, si 233.

Kanuni imetudanganya sana. Juu ya nini? Kwa sababu ilitengenezwa kwa ukuaji mdogo, ambapo nyongeza ya mwaka mmoja ni ndogo mbele ya mali yenyewe. Mwendo ukiwa mkali, nyongeza inazaa nyongeza ndani ya mwaka uleule, na kanuni haioni. Hata kwa asilimia 29 ilianza kupungukiwa, kumbuka.

Dawa ni nyepesi: punguza hatua. Usipime kwa mwaka, pima kwa mwezi. Gawanya 70 na miezi 3.6: asilimia 19 hivi kwa mwezi. Hesabu kamili ni 21. Hapo kanuni inafanya kazi tena. Ao, kama unataka mwaka, usitumie 70 kabisa: hesabu maradufu ziko ngapi ndani ya mwaka, kisha zidisha 2 kwa 2 mara hizo.

Hii tofauti si mchezo wa darasani. Mtu anayelipwa mara moja kwa mwezi, katika mwendo wa asilimia 21, akicheleweshwa mwezi mmoja amepoteza asilimia 17 ya mshahara wake. Akicheleweshwa miezi miwili, karibu sehemu ya tatu imeenda. Mishahara ilikuwa inachelewa kupita hapo. Mwalimu aliyepewa «arriérés» zilizochelewa mwaka mzima alipokea namba kamili, na sehemu moja juu ya kumi ya thamani. Hakuna aliyesaini karatasi ya kumpunguzia. Mwendo ulifanya kazi peke yake. Wazazi walioanza wakati ule kulipa walimu wenyewe, ile «prime» tuliyoisikia miaka mingi, walikuwa wanajibu hesabu hii.

Kasai ilikataa

Kuko sehemu moja ya historia inayonifurahisha kila mara. Watu wa Kasai, wakifuata msimamo wa Tshisekedi, walikataa nouveau zaïre. Waliendelea kuuza na kununua na noti za zaire za zamani, hadi franka ilipokuja mu 1998.

Na nini ilipatikana? Noti za zamani hazikuchapwa tena. Zilikuwa zinazunguka zilezile, zinachakaa, zinabandikwa na karatasi ya kunata, lakini haziongezeki. Kasai ikakaa na bei zilizotulia kupita sehemu zingine za inchi. Inchi moja, serikali moja, vita ya siasa moja, lakini mwendo wa bei mbili. Kama mtu anakuambia bei za wakati ule zilipanda kwa sababu tu ya «tamaa ya wauzaji», muulize: wauzaji wa Mbuji-Mayi na Kananga walikuwa malaika? Tofauti kubwa ilikuwa wingi wa karatasi.

Franka yetu

Tumalizie na pesa tunayoitumia. Kutoka Juni 1998 hadi mwisho wa 2001, dola ilitoka franka 1.4 ikafika karibu 310. Vita ilianza mu Agosti 1998, na tena bei ya dola ilifungwa kwa amri, hadi Mei 2001 serikali ilipoiachilia sokoni na ikaruka kutoka 50 hadi kupita 300. Ni mara 220 hivi, karibu 256, tuseme maradufu 7.8. Miezi 42. Kila maradufu miezi 5 na kidogo.

Kisha, kutoka mwisho wa 2001 hadi 2024, dola ilitoka 310 ikafika karibu 2,800. Mara 9. Hiyo ni 8 na kidogo: maradufu 3.2 kwa miaka 22 na nusu. Miaka 7 kwa kila maradufu. Gawanya 70 na 7: asilimia 10 kwa mwaka. Hapa mwendo ni mdogo, kanuni ya Pacioli inafaa tena.

Kutoka miezi 3.6 hadi miaka 7: hayo ni mabadiliko makubwa, tusiyadharau. Lakini wastani nao unaficha. Kutoka 2010 hadi 2015 dola ilikaa karibu 900 na kitu, watu wakadhani imelala. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mtu aliyesaini kontra ya franka mu 2015 kwa kuangalia miaka mitano ya nyuma aliamini utulivu, sawa na yule wa 1982.

Na ukiunganisha yote, zaire, nouveau zaïre na franka, ni maradufu 24, na 15.5, na 11: zaidi ya 50 tangu Juni 1967. Dola ya 2024 ni zaire za 1967 ngapi? 840,000,000,000,000. Hakuna anayeweza kuisoma ile namba bila kuhesabu sifuri na kidole. Lakini «maradufu 50 kwa miaka 57» kila mtu anaielewa: kila mwaka na mwezi mmoja na nusu hivi, pesa ya mzazi wako ilikatika nusu.

Kazi ya nyumbani

Jaribu hii peke yako. Katikati ya miaka ya 1970 noti kubwa ya inchi ilikuwa ya zaire 10. Mu 1992 ilikuwa ya 5,000,000. Ziko maradufu ngapi, na kila moja ilichukua muda gani? (Anza na 512.) Utaona kwamba hata bila kujua bei ya dola, noti mbili tu za ndani ya Biblia zinatosha kukupa makadirio ya kweli.

Na siku watakapokuletea kontra yako ya kwanza, ikiwa ya franka na ya miaka mitatu bila nyongeza, usiangalie tu namba ya mshahara. Kwa mwendo wa asilimia 10, mwaka wa tatu ukiisha robo ya ule mshahara itakuwa imeenda, na hakuna mtu ataita kikao kukuambia. Uliza sentensi moja inayosema mshahara utafuata bei. Walimu wa 1994 hawakukuwa na ile sentensi.